Farasi Asiyeanguka

Delmar Yoakum alianza na farasi, kwa sababu farasi hadanganyi naibu wa sherifu.

Mnyama alikuwa amelala chini ya korongo, shingo imepinda, nzi wameshamjua. Mpandaji wake, Cleve Dunnigan, alishapelekwa mjini kwenye gari la wagonjwa ambalo halikuwa na haraka tena. Yoakum alikuwa amechunga ng'ombe miaka kumi na minane kabla ya kupewa beji ya wilaya ya Cobre, na magoti yake yalimkumbusha hivyo alipochuchumaa. Akalowesha leso kwa maji ya chupa yake, akasugua paja la farasi. Leso ikatoka nyeusi. Akasugua tena. Chini ya ule weusi kulikuwa na farasi wa kahawia, wa kawaida kabisa, wa kununuliwa Tucson Jumamosi yoyote.

Hilo halikumshangaza. Wilaya nzima ilijua kwamba Bwana Conrad Thayer, mtayarishaji wa filamu kubwa ya wachunga ng'ombe iliyokuwa ikipigwa hapo, aliamuru farasi watano wapakwe rangi ili wafanane nywele kwa nywele. Katika filamu, wote watano walikuwa farasi mmoja, Sultani, kipenzi cha shujaa. Mmoja alikuwa wa kusimama karibu na kamera, wawili wa kukimbia, mmoja wa kuvuka maji, na mmoja, jike aliyeitwa Chata, alifundishwa kazi moja tu: akivutwa hatamu ya kushoto, aanguke chini na asiumie.

Leo asubuhi Dunnigan alitakiwa kumpanda Chata, akimbie kuelekea ukingoni, avute hatamu, waanguke wote wawili kwenye shimo la mchanga laini. Badala yake alipitiliza shimo na ukingo pia.

Yoakum akapeleka mkono kwenye bega la kushoto la farasi. Farasi wa kuanguka huangukia upande huohuo mara mia, na ngozi ya bega huwa sugu, manyoya machache. Bega hili lilikuwa laini kama mto wa kitanda. Akasimama taratibu. Huyu hakuwa Chata. Chata alikuwa hai huko juu zizini, na Dunnigan alikufa akivuta hatamu ya farasi asiyejua anaambiwa nini.

Akapima kwa hatua kutoka shimo la mchanga hadi ukingoni. Ishirini. Kulikuwa na shimo jingine, la zamani, limefukiwa, hatua mia moja nyuma. Akaandika namba zote mbili kwenye daftari lake.

*

Eusebio Tafoya, mkuu wa watunza farasi, alikuwa amefungwa pingu kwenye nguzo ya kibanda cha matandiko, amekaa juu ya ndoo. Sherifu ndiye aliyemfunga kabla ya kurudi mjini kula. Saa kumi na moja jioni Hakimu Kettering angekuja kutia sahihi hati ya mashtaka: kuua kwa kukusudia. Kutoka hapo ni jela ya jimbo, na jela ya jimbo ina chumba cha gesi. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Umekuja kunipeleka?" Tafoya aliuliza.

"Nimekuja kuuliza. Jumanne ulimpiga Dunnigan mbele ya watu."

"Nilimpiga. Na angekuwa hai ningemwomba radhi kwa ngumi ya pili tu, si ya kwanza."

"Kisa?"

"Waya, Bwana Naibu. Alimfunga farasi wangu waya kwenye miguu ya mbele, amkwamishe katikati ya mbio. Hiyo ni kazi ya kizamani, inavunja miguu. Nikamwambia, kwangu hapa farasi anaanguka kwa kufundishwa. Akacheka. Nikampiga. Jioni akaja na kahawa, vikombe viwili. Jana akafanya mazoezi na Chata mara tatu, akasema hajawahi kuona jike mwenye akili vile. Lakini ya kahawa nani kayaona? Ya ngumi wameona mia mbili."

Yoakum akafungua sanduku la vifaa la Tafoya. Ndani kulikuwa na chupa ya wiski, nusu. Sherifu alikuwa ameiandika kwenye ripoti yake na kuipigia mstari. Yoakum akazibua, akanusa, macho yakamtoka machozi.

"Tapentaini na kafuri," akasema.

"Ya kuchua magoti ya farasi. Sherifu wako hakunusa. Kaona chupa, kaona Mmeksiko, kafunga hesabu."

Yoakum hakubishana na hilo. Chini ya chupa alikuta donge dogo la uzi wa sufu nyekundu.

"Na hii?"

"Ya mke wangu. Ndiyo alama." Tafoya akainama mbele mpaka pingu ikavuta. "Sikiliza, mzee. Mtu wa kuanguka hakabidhiwi farasi. Anajichukulia mwenyewe, ndiyo desturi yetu, ili akifa asimlaumu mtu. Sasa farasi watano wamepakwa, hata mimi mwenye nao inabidi niwapapase. Dunnigan kaja Jumatatu, angewajuaje? Basi kila asubuhi nawafunga uzi mwekundu shingoni, chini ya singa, wale wanne wasioanguka. Yule asiye na uzi ndiye Chata. Simfungi yeye, kwa sababu yeye ndiye anayekwenda mbele ya kamera."

"Leo uliwafunga?"

"Saa kumi na mbili asubuhi, wanne. Saa tatu Thayer akanituma kilimani kuleta farasi arobaini zaidi. Anataka kilima kijae. Nilikuwa huko niliposikia watu wanapiga kelele."

"Sherifu aliwakagua waliobaki. Kaandika hakuna hata mmoja mwenye kitu shingoni."

"Najua." Sauti ya Tafoya ikashuka. "Kwa hiyo ama mimi ni mwongo na muuaji, ama kuna mtu kawafanya wote watano kuwa Chata. Cleve kaenda pale, kaona farasi wa karibu hana uzi, kapanda. Kapanda kwa kuniamini mimi. Hilo ndilo linaloniua, si hiyo gesi yenu."

Yoakum akatia donge la sufu mfukoni. Alimwamini, na jambo hilo lilimuudhi, kwa maana imani ya naibu haisomwi mahakamani.

*

Thayer alikuwa juu ya kilima akiwasimamia watu waliokuwa wakipandikiza kaktasi, mimea ya miiba ya jangwani. Kaktasi thelathini, kila moja ndefu kuliko nyumba, zilikuwa zimeng'olewa bonde la pili na kuletwa hapa, kwa sababu za hapa zilisimama vibaya. Siku za kazi zilipangwa sitini. Leo ilikuwa ya mia na kumi na sita. Waongozaji watatu walikuwa wameshafungasha virago, na wa nne hakuajiriwa. Mji wa mbao ulijengwa, ukabomolewa, ukajengwa tena ukitazama magharibi. Thayer alikuwa na macho makali ajabu na hakuwa na breki.

"Rafiki yangu," Thayer alisema akimshika bega, "nimesikitika mpaka tumbo linauma. Cleve alikuwa mtu wa kazi. Nitamweka jina lake mwanzoni mwa filamu, peke yake, kwenye anga."

"Nani alisogeza shimo la mchanga?"

"Mimi. Kule nyuma ukingo hauonekani. Watazamaji si wajinga, wanataka kuona kifo kiko karibu."

"Kilikuwa karibu."

Thayer akaachia bega. "Shimo halina kosa. Kosa ni farasi. Kazi ya Tafoya ni kuhakikisha mpandaji anamjua farasi wake, na Tafoya alikuwa na kinyongo."

"Anasema aliweka alama," Yoakum alisema. Hakusema alama gani, wala rangi gani, wala farasi wangapi.

"Hakukuwa na alama yoyote. Niliwatazama farasi hao mwenyewe asubuhi kwa kamera, mmoja mmoja. Ningeona."

"Una uhakika?"

"Bwana Naibu, kule nyuma kuna jukwaa la wanamuziki. Jana mmoja alivaa soksi za kijivu badala ya nyeusi. Nilikuwa umbali wa mita sabini, nikasimamisha watu mia nne. Mimi huona." Akatazama jua. "Na jioni hii tunarudia tukio la ukingo. Nimepata mpandaji mwingine. Hakimu nimemwalika akae karibu na kamera. Atatia sahihi karatasi zake, kisha atazame sinema inavyotengenezwa."

"Utarudia na farasi yupi?"

"Wamebaki wanne. Mmoja wao anaanguka," alisema Thayer, na akageuka kumfokea mtu aliyeinamisha kaktasi.

Yoakum akapiga hesabu kichwani. Nafasi moja kati ya nne. Watu hucheza karata kwa uwezekano mzuri zaidi ya huo.

*

Bi Verna Lindqvist alikuwa karani wa kumbukumbu. Kazi yake ilikuwa kuandika kila kilichopita mbele ya kamera, saa na dakika, ili kifungo kilichofungwa leo kisionekane kimefunguliwa kesho. Alivaa saa mbili, moja ya mkononi na moja shingoni, na kiunoni alining'iniza mkasi mdogo kwa utepe.

"Daftari la leo, tafadhali, dada."

Verna akampa. Yoakum akafunua. Saa mbili na nusu: taa. Saa tatu na robo: farasi wapangwe mbele ya kamera. Kisha saa nne na dakika tano: Dunnigan apande. Katikati, kwenye mshono wa daftari, kulikuwa na vipande vya karatasi iliyochanwa.

"Hapa kuna ukurasa."

"Kulikuwa na kosa la wino."

"Miaka mingapi katika kazi hii?"

"Kumi na mitano."

"Umeshachana kurasa ngapi?"

Verna akanyoosha mkono kulitaka daftari. Yoakum akatoa sigara nene, akamwomba mkasi aikate ncha. Verna alimpa kabla ya kufikiri, na mara tu ulipomtoka mkononi akaonekana kutamani kuurudisha. Kwenye kiungo cha mkasi, pale panapokutana makali mawili, kulikuwa na unyoya wa sufu nyekundu.

Yoakum akakata sigara yake, akarudisha mkasi vilevile, unyoya na vyote.

"Sikulazimishi," alisema. "Nakwambia tu kilichopo. Tafoya amebakiwa na muda wa saa mbili na nusu. Anayepanda jioni hii anazo hizohizo."

Verna alitazama pembeni. "Waongozaji watatu walimpinga, na sasa hakuna studio inayopokea simu zao. Watu wenye majina. Mimi nina mama mgonjwa Pasadena na daftari lenye ukurasa pungufu. Nikisema, atasema nimechanganyikiwa. Nani ataaminiwa?"

"Alikwambia uchane lini?"

"Sijasema aliniambia."

"Hapana, hujasema."

Verna aliongea akiwa amekaza macho kwenye saa ya mkononi. "Unajua ubaya wa Bwana Thayer ni nini? Si kwamba ni katili. Angeweza kukiacha kitu hata mara moja, tungemaliza Agosti. Hawezi. Hata nyumba ikiungua, ataomba pazia linyooshwe kwanza."

Yoakum akaacha kutafuna sigara. Alimshukuru, akateremka kuelekea zizini, na mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni kwenye sufu.

*

Saa kumi na moja kasorobo Hakimu Kettering aliketi kwenye kiti cha turubai, hati juu ya goti, kalamu imefunguliwa. Tafoya alisimama nyuma yake, pingu mikononi, kofia imechukuliwa. Mpandaji mpya alisubiri kando akivuta glavu zake juu na kuzishusha. Thayer alikuwa juu kwenye kreni ya kamera pamoja na mpiga picha, kipaza sauti cha bati kwenye mapaja.

"Nasikia huna kipingamizi, Delmar," hakimu alisema.

"Nina ombi. Kabla hujatia sahihi, farasi wapangwe mbele ya kamera kama walivyopangwa asubuhi. Bila mpandaji. Nataka uone jinsi kazi inavyokwenda."

"Nina kuku mezani nyumbani."

"Dakika tano."

Hakimu akapandisha mabega. Thayer, juu, alikuwa ameshasikia na ameshafurahi. Mtu kama huyo hubembelezwa kwa kuombwa aonyeshe kazi yake. Farasi wanne weusi wakasimama mstari mmoja, jua la machweo linawapiga ubavuni, na kwa kweli walipendeza. Kwa macho matupu walikuwa mnyama mmoja aliyesimama mara nne.

Thayer akaweka jicho kwenye kamera. Akapita wa kwanza. Akasogea.

Yoakum alikaza macho kwenye kreni. Kipande cha sufu hakikuzidi urefu wa vidole viwili, na yeye mwenyewe alikuwa amekificha chini kabisa ya singa ya farasi wa pili. Kama Thayer angekiona na kunyamaza, basi, mambo yamekwisha. Angekuwa amemsindikiza Tafoya kwenye gesi kwa mikono yake mwenyewe.

Kamera ikasimama kwa farasi wa pili. Ikakaa hapo. Thayer akainua kichwa, akafuta jicho, akatazama tena. Alijua hakimu yuko chini. Alijua naibu anamwangalia. Mtu mwingine yeyote angepita kwenda kwa wa tatu.

Alipita. Kamera ikasogea kwa farasi wa tatu, na Yoakum akafumba macho.

Kisha ikarudi.

"Verna," kipaza sauti kikasema, kwa uchovu wa mtu anayeonewa na dunia nzima. "Wa pili kutoka kushoto. Nilisema asubuhi nyuzi nyekundu zikatwe. Zote nne. Umeacha moja, na inaniharibia singa."

Farasi mmoja alipiga mkia.

Verna Lindqvist aliangalia saa ya mkononi, kisha ya shingoni, kisha akaandika. Aliandika mstari mzima bila haraka. Halafu akainuka, daftari mkononi.

"Sikuacha, Bwana Thayer. Nilikata nne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwa amri yako, na saa tano ukaniamuru nichane ukurasa. Uzi huo wa sasa sijui umetoka wapi."

"Umetoka kwangu," alisema Yoakum. "Mheshimiwa, mchana niliongea na Bwana Thayer habari ya alama tu. Sikumtajia uzi. Sikumtajia wekundu. Na kwamba zilikuwa nne, hata sherifu hajui, kwa maana hakuuliza. Bwana Thayer mwenyewe aliniambia hakukuwa na alama yoyote."

Hakimu Kettering alimtazama mtu aliye juu ya kreni kwa muda mrefu. Kisha akafunga kalamu, akaitia mfukoni, akaikunja hati mara mbili.

"Shuka, Bwana Thayer. Nina maswali, na sipendi kuuliza nikiwa nimeinua shingo."

"Nina dakika nane za jua," Thayer alisema.

Yoakum alimfungua Tafoya pingu. Alitegemea atakaa chini, au atatukana, na haki hiyo alikuwa nayo. Tafoya hakufanya lolote kati ya hayo. Alikwenda kwa farasi, akapapasa bega la wa kwanza, la wa pili, la wa tatu, na kwa wa nne akasimama. Akamnong'oneza kitu kwa lugha ya kwao, akashika hatamu ya kushoto, akaivuta kidogo tu.

Jike akakunja magoti, akaenda chini kwa ubavu, taratibu, akalaza kichwa mchangani akingoja asifiwe.

"Huyu ndiye Cleve alidhani amempanda," Tafoya alisema, na hapo ndipo alipolia, amekaa mchangani, mkono juu ya shingo ya farasi.

Juu ya kreni Thayer alikuwa amesimama wima. "Hivyo hivyo," alisema kwa sauti ya chini, na kila mtu alimsikia. "Msimwinue. Mwanga umekaa vizuri mno. Piga hiyo."

Mpiga picha alimtazama bosi wake, akamtazama Tafoya aliyekaa chini. Kisha akachukua kifuniko cha kamera, akakifunga kwenye lenzi, akaanza kushuka ngazi.